Uteuzi wa Seti ya Mnyororo wa Taimingi katika Ukarabati Mkubwa wa Injini: Mfano wa Injini ya Toyota 1NZ-FE

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kuteua seti ya mnyororo wa taimingi wakati injini inapofunguliwa kwa ukarabati mkubwa. Mfano uliotumika ni injini ya Toyota 1NZ-FE, ambayo imeenea Afrika Mashariki kupitia magari yaliyotumika yanayoagizwa kutoka Japani. Hoja kuu ni kwamba uteuzi wa seti huanzia kwenye vipimo vya injini iliyofunguliwa, nao hauwezi kukamilishwa kwa kuangalia jina lililoandikwa kwenye boksi pekee. Aidha, makala yanaonesha kuwa neno “kuvutika”, ambalo mafundi hulitumia kueleza mnyororo uliochakaa, huficha chanzo halisi cha uchakavu na hivyo kuchangia uteuzi usio sahihi. Makala yanafafanua kazi ya mnyororo, sehemu za seti, vigezo vya uteuzi, athari ya kusawazisha uso wa silinda hedi, pamoja na hatua za uhakiki baada ya kufunga.

Maneno muhimu: mnyororo wa taimingi, kikazaji, ukarabati wa injini, istilahi za ufundi, 1NZ-FE

1.0 Utangulizi

Katika gereji nyingi za Dar es Salaam, Nairobi na miji mingine ya Afrika Mashariki, injini iliyochoka haitupwi. Hufunguliwa, hupimwa, hubadilishiwa sehemu zilizokwisha na kurudishwa barabarani. Kwa mwenye gari la biashara, uamuzi huo ni wa kiuchumi kabla ya kuwa wa kiufundi: gari likisimama, kipato cha siku husimama nalo. Kwa sababu hiyo, sehemu inayoteuliwa vibaya wakati wa ukarabati humgharimu mwenye gari mara mbili, yaani bei ya sehemu yenyewe na siku anazozipoteza injini inapofunguliwa tena.

Miongoni mwa sehemu hizo, seti ya mnyororo wa taimingi ina nafasi ya pekee. Tofauti na mkanda wa taimingi, ambao hupangiwa muda wa kubadilishwa, mnyororo hutarajiwa kudumu kwa muda mrefu bila kuguswa. Kutokana na matarajio hayo, baadhi ya wamiliki huamini kuwa mnyororo haufi. Imani hiyo huwafanya waukumbuke pale tu kelele inapoanza, au pale injini inapofunguliwa kwa sababu nyingine kama vile kula oili au kuungua kwa gasketi ya silinda hedi. Ukarabati mkubwa, kwa hiyo, mara nyingi ndiyo fursa pekee ya kuuona mnyororo kwa macho na kuupima.

Injini ya 1NZ-FE imeteuliwa kuwa mfano kwa sababu mbili. Kwanza, inapatikana katika magari mengi yanayofahamika katika eneo hili, yakiwemo Toyota IST ya toleo la kwanza, Probox na baadhi ya matoleo ya Vitz. Pili, muundo wake unawakilisha injini nyingi ndogo za petroli zilizotengenezwa tangu mwishoni mwa miaka ya 1990: silinda 4 zilizo katika mstari mmoja, ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, kipenyo cha silinda cha milimita 75.0, mwendo wa pistoni wa milimita 84.7, valvu 16 na kamshafti mbili zilizo juu ya silinda hedi. Anayeelewa uteuzi wa seti ya injini hii ataweza kuutumia uelewa huo kwa injini nyingine nyingi za aina yake.

2.0 Kazi ya Mnyororo katika Injini

Mnyororo wa taimingi huunganisha krankishafti na kamshafti ili valvu zifunguke na kufungwa kwa kulingana na mahali pistoni ilipo. Katika injini ya mipigo minne, krankishafti huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja. Uwiano huo wa mbili kwa moja hupatikana kwa kuifanya gia ya kamshafti iwe na meno maradufu ya gia ya krankishafti. Mnyororo haubadilishi uwiano huo hata unapochakaa. Unachobadilisha ni ulinganifu wa mwanzo wa mwendo, yaani kamshafti huanza kuchelewa nyuma ya krankishafti.

Uzito wa jambo hili hutokana na nafasi iliyo ndani ya silinda. Katika injini ya 1NZ-FE, valvu iliyofunguka na pistoni iliyopanda hutumia nafasi ileile kwa nyakati tofauti. Mnyororo ukiruka meno ya kutosha, au ukikatika, nyakati hizo hugongana. Valvu hupinda, na pengine pistoni huumia. Injini iliyokuwa ikihitaji mnyororo pekee hugeuka kuwa injini inayohitaji silinda hedi nzima.

Mnyororo una upande mkavu na upande mlegevu. Upande mkavu ndio unaovutwa na krankishafti, nao hupita kwenye reli isiyosogea. Upande mlegevu hupita kwenye reli inayosogea, ambayo husukumwa na kikazaji, kifaa ambacho mafundi hukiita tenshona. Kikazaji cha injini hii hufanya kazi kwa shinikizo la oili pamoja na springi, na kina meno ya kuzuia ambayo hukifanya kisirudi nyuma pale injini inapozimwa na shinikizo la oili linapopungua. Mnyororo wenyewe hulainishwa kwa oili inayorushwa kutoka kwenye kitundu maalumu. Hivyo basi, mfumo mzima, kuanzia ukazaji hadi ulainishaji, hutegemea oili ileile inayolainisha injini.

3.0 “Kuvutika” na Kulika: Istilahi na Athari Yake

Mafundi wengi husema kwamba mnyororo “umevutika”. Usemi huu unaeleweka kwa kuwa mnyororo wa zamani, ukilazwa kando ya mpya, huonekana mrefu zaidi. Hata hivyo, kinachotokea si kuvutika kwa chuma kama mpira unavyovutika. Vibapa vya pembeni vya mnyororo hubaki na urefu wake. Kinacholika ni maungio, yaani mahali pini inapozunguka ndani ya bushi. Kila pingili inapopinda kuingia kwenye gia na kunyooka inapotoka, pini na bushi husuguana. Msuguano huo ukifanyika katika oili safi, uchakavu huwa mdogo. Ukifanyika katika oili yenye masizi, unga wa chuma au iliyopitwa na muda, kila ungio hupoteza sehemu ndogo ya chuma, na upotevu wa maungio yote hujumlishwa kuwa urefu wa mnyororo.

Hesabu ifuatayo inaonesha ukubwa wa athari. Mnyororo wa 1NZ-FE una hatua ya milimita 8, yaani huo ndio umbali kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata. Tuchukulie, kwa ajili ya mfano, kwamba upande mkavu una hatua 40 na kwamba kila ungio limelika kwa milimita 0.025. Upande huo utakuwa umerefuka kwa milimita 1.0. Tuchukulie pia kwamba gia ya kamshafti ina meno 36. Mzingo wa gia hiyo kwenye mstari wa pini ni takriban milimita 288, na nusu kipenyo chake ni takriban milimita 45.8. Urefu wa milimita 1.0 utaichelewesha kamshafti kwa takriban nyuzi 1.25, ambazo ni sawa na nyuzi 2.5 za krankishafti. Katika gia hiyohiyo, kuruka jino moja ni sawa na nyuzi 10 za kamshafti, au nyuzi 20 za krankishafti. Uchakavu usioonekana kwa macho, kwa hiyo, unatosha kubadilisha mwenendo wa injini muda mrefu kabla mnyororo haujaruka jino hata moja.

Tofauti kati ya “kuvutika” na “kulika” si ya maneno matupu. Anayeamini kuwa mnyororo umevutika ataona kosa liko katika mnyororo peke yake, hivyo atanunua mnyororo mwingine. Anayeelewa kuwa mnyororo umelika atauliza umelikia wapi na kwa nini. Atakagua hali ya oili, kitundu cha kurushia oili, kikazaji, na meno ya gia ambayo yamesuguana na mnyororo huohuo kwa miaka yote. Neno sahihi humwongoza fundi kwenye swali sahihi. Kwa sababu hiyo, makala haya yanapendekeza kuwa katika vitabu vya kufundishia ufundi litumike neno “kulika” au “uchakavu wa maungio”, na neno “kuvutika” lielezwe kama usemi wa gereji.

4.0 Sehemu za Seti

Neno “seti” lenyewe lina utata sokoni. Kuna maboksi yenye mnyororo na kikazaji tu, na kuna mengine yenye mnyororo, kikazaji, reli mbili, gia ya krankishafti na gia ya kamshafti ya valvu za kutolea moshi. Mengine huongezwa oili sili ya mbele na gasketi. Sehemu moja hukosekana katika seti nyingi, nayo ni gia ya kamshafti ya valvu za kuingizia hewa. Katika injini hii, gia hiyo si gia ya kawaida. Ndani yake mna vyumba vya oili vinavyoiwezesha kompyuta ya injini kuisogeza kamshafti mbele au nyuma, mfumo ambao Toyota huuita VVT-i. Kwa kuwa gia hiyo ina bei kubwa kuliko mnyororo, huuzwa peke yake.

Matokeo ya utata huo yanaweza kuelezwa kwa tukio moja ambalo mwandishi alilishuhudia katika gereji moja jijini Dar es Salaam. Kijana mwenye gari la teksi alirudi wiki chache baada ya injini yake kukarabatiwa. Kelele ya mkwaruzo ilikuwa imerejea kila alipowasha gari asubuhi.

“Fundi, si uliniambia cheni ni mpya?” aliuliza.

“Cheni ni mpya kabisa, mdogo wangu,” fundi akajibu, “ila gia na tenshona tulirudishia zilezile. Uliniambia tubane matumizi.”

Kazi ilifanywa upya, na kijana alikaa bila kipato kwa siku nyingine kadhaa. Hakuna aliyedanganya katika mazungumzo hayo. Wote wawili walilitumia neno moja, “cheni”, kwa maana mbili tofauti: mmoja alimaanisha mfumo mzima, mwingine alimaanisha kipande kimoja. Tukio hilo linaonesha kwamba orodha ya sehemu zitakazobadilishwa inapaswa kuandikwa na kukubaliwa kabla ya kazi kuanza.

5.0 Vigezo vya Uteuzi

5.1 Ulinganifu na injini

Kigezo cha kwanza ni ulinganifu. Herufi na namba za injini zilizopo kwenye bloku ndizo za kuaminika, kwa kuwa injini nyingi za mitumba zimehamishwa kutoka gari moja hadi jingine. Aina ya gari iliyoandikwa kwenye kadi haitoshi. Mnyororo mpya ulazwe kando ya ule wa zamani na pingili zihesabiwe. Idadi lazima ilingane kikamilifu. Vibapa vyenye rangi, ambavyo hutumika kulinganisha alama wakati wa kufunga, navyo vihesabiwe ili umbali kati yao uwe sawa na ule wa mnyororo wa awali. Mnyororo wenye idadi sahihi ya pingili lakini wenye vibapa vya rangi vilivyowekwa mahali pasipo sahihi unaweza kumpotosha fundi aliye mzoefu.

5.2 Aina ya mnyororo

Minyororo ya taimingi imegawanyika katika aina tatu kuu. Aina ya kwanza ni mnyororo wa rola, ambamo rola huzunguka juu ya bushi na kupunguza msuguano dhidi ya meno ya gia. Mnyororo wa bushi na rola ulibuniwa na Hans Renold huko Manchester, Uingereza, mwaka 1880. Aina ya pili ni mnyororo wa bushi, ambao hauna rola, hivyo unaweza kuwa na pini nene zaidi kwa hatua ileile. Aina ya tatu ni mnyororo wa kimya, ambao vibapa vyake vyenyewe vina umbo la meno. Aina hizi hazibadilishani, kwa sababu meno ya gia huchongwa kwa aina moja mahususi.

Injini ya 1NZ-FE ilibuniwa kwa mnyororo wa rola wa mstari mmoja. Wapo wanaodhani kwamba mnyororo mnene zaidi ni bora zaidi. Dhana hiyo haizingatii kwamba hatua fupi ina faida yake. Mnyororo unapozunguka gia haufuati duara kamili bali hufuata pande za umbo lenye pembe nyingi, na hivyo mwendo wake hupanda na kushuka kidogo. Kwa gia yenye meno 18, tofauti hiyo hukaribia asilimia 1.5, kadiri meno yanavyoongezeka, ndivyo inavyopungua. Hatua fupi huruhusu meno mengi katika gia ndogo, na hivyo mwendo huwa tulivu na kelele hupungua. Ubora wa mnyororo, basi, haupimwi kwa unene wake.

5.3 Vipimo vya sehemu za zamani

Kabla ya kuamua ni sehemu zipi zinunuliwe, zile za zamani zipimwe. Mnyororo huvutwa kwa nguvu isiyobadilika, kisha hatua 15 hupimwa kwa kalipa ya venia. Kwa hatua ya milimita 8, umbali kutoka katikati ya pini ya kwanza hadi katikati ya pini ya mwisho ni milimita 120. Anayepima kutoka ukingo wa nje wa pini ya kwanza hadi ukingo wa nje wa pini ya mwisho ataongeza kipenyo cha pini moja. Kipimo kirudiwe katika sehemu tatu au zaidi za mnyororo, kwa kuwa maungio hayaliki kwa usawa. Kikomo cha kukataa mnyororo hutolewa katika mwongozo wa ukarabati wa mtengenezaji. Kwa kulinganisha, ongezeko la asilimia 1 katika hatua 15 ni milimita 1.2, kiasi ambacho kalipa hukiona bila shida lakini jicho haliwezi kukihakikisha.

Gia hupimwa kwa kuizungushia mnyororo na kupima kipenyo cha nje juu ya rola. Gia iliyolika hutoa kipenyo kidogo. Reli hukaguliwa kina cha mifereji iliyochimbwa na mnyororo. Mfereji wenye kina cha milimita 1 ni alama ya kuibadilisha reli hiyo. Kikazaji hukaguliwa kwa kuinua kizuizi chake na kuona kama pistoni yake ndogo inaingia na kutoka bila kukwama, kisha kuachia kizuizi na kuhakikisha kwamba hairudi inaposukumwa kwa kidole.

5.4 Gia ya VVT-i

Gia hii inapaswa kuamuliwa peke yake. Dalili ya uchakavu wake ni mgongano mkavu wa sekunde chache gari linapowashwa likiwa limepoa, kwa sababu pini yake ya kufungia haishiki tena mpaka oili ifike. Dalili hiyo hufanana sana na ya kikazaji kilicholegea, na ndiyo maana sehemu hizo mbili huchanganywa. Injini ikiwa imefunguliwa, gia ikaguliwe kama imefungwa katika nafasi yake ya kupumzikia na kama inazunguka kwa ulaini pale kufuli yake inapofunguliwa kwa hewa yenye shinikizo, kwa kufuata mwongozo. Vilevile meno yake yapimwe kama ya gia nyingine. Kuweka mnyororo mpya juu ya meno yaliyolika ni kuuanzisha mnyororo huo katika uchakavu ambao haukuwa wake.

Ikumbukwe pia kwamba katika injini hii mfumo wa VVT-i upo kwenye kamshafti ya kuingizia hewa pekee. Kompyuta inaweza kurekebisha sehemu ya ucheleweshaji wa kamshafti hiyo, lakini haiwezi kuisogeza kamshafti ya kutolea moshi. Uchakavu, kwa hiyo, unaweza kufichwa upande mmoja huku ukiendelea upande wa pili, mpaka tofauti ivuke kiwango na taa ya tahadhari ya injini iwake. Hitilafu ya kutolingana kwa krankishafti na kamshafti husomwa na mashine ya uchunguzi kwa namba P0016.

5.5 Asili ya sehemu

Katika masoko ya spea kama yale ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, mnunuzi hukutana na makundi manne: sehemu halisi za mtengenezaji wa gari, sehemu za viwanda vingine vinavyotambulika, sehemu zisizo na jina, na sehemu zilizotumika. Kundi la mwisho lisitumike kwa mnyororo, reli wala kikazaji, kwa kuwa uchakavu wake ndio uleule tunaoukimbia. Gia ya VVT-i iliyotumika inaweza kukubalika endapo tu itapimwa na kuthibitika.

Kwa makundi mengine, boksi halitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu boksi ni rahisi kuigwa kuliko chuma. Sehemu yenyewe ichunguzwe. Vichwa vya pini viwe vimepigwa kwa usawa. Kila pingili ipinde bila kukwama. Mnyororo ukishikwa ubavu wake ukiwa mlalo usining'inie kupita kiasi ukilinganishwa na mnyororo mwingine mpya. Meno ya gia yasiwe na kingo zilizobaki za uchongaji, na alama za taimingi zisomeke wazi. Plastiki ya reli iwe imeshika kwenye chuma chake bila mwanya. Hatua 15 za mnyororo mpya nazo zipimwe kwa kalipa, kwani hapo ndipo panapopatikana kipimo cha mwanzo cha kulinganishia siku za usoni.

Hoja ya bei nayo isikwepwe. Gharama ya kufungua injini, kubadilisha oili, kununua gamu ya kuzibia na kusimamisha gari ni ileile iwe seti ni ya bei ya chini au ya juu. Tofauti ya bei kati ya seti mbili, kwa hiyo, ilinganishwe na gharama nzima ya kazi, ikiwemo uwezekano wa kuirudia. Ndipo unapoonekana ukweli wa wahenga kwamba rahisi ni ghali.

6.0 Athari ya Kusawazisha Silinda Hedi

Ukarabati mkubwa mara nyingi huambatana na kusawazisha uso wa silinda hedi kwa mashine. Kazi hiyo huondoa chuma na kuishusha kamshafti karibu na krankishafti. Mnyororo huwa mrefu kidogo kuliko umbali unaohitajika, na kikazaji hutoka zaidi kuuondoa ulegevu huo. Kwa kuwa kikazaji kipo upande mlegevu, kamshafti hubaki imechelewa. Kwa gia ya mfano uliotumika katika sehemu ya 3.0, kuondoa milimita 0.2 huichelewesha kamshafti kwa takriban nyuzi 0.25, sawa na nyuzi 0.5 za krankishafti. Kiasi hiki ni kidogo, lakini huelekea upande uleule wa uchakavu wa mnyororo. Viwili hivyo hujumlishwa, haviondoleani.

Ulinganisho na injini za V8 za Marekani unasaidia kulielewa jambo hili. Katika injini ya V8 ya Chevrolet iliyoanza kutumika katika magari ya toleo la mwaka 1955, kamshafti imo ndani ya bloku, mnyororo ni mfupi na hauna kikazaji. Bloku inapochongwa upya kwenye makao ya krankishafti, krankishafti husogea karibu na kamshafti na mnyororo wa kawaida hulegea. Kwa kuwa hakuna kikazaji cha kuuficha ulegevu huo, wajenzi wa injini hizo huuziwa seti zenye mnyororo uliopunguzwa urefu kidogo. Katika injini yenye kikazaji, tatizo ni lilelile ila halisikiki. Fundi wa 1NZ-FE, kwa hiyo, anapaswa kuuliza karakana ya mashine ni kiasi gani cha chuma kiliondolewa, na kuandika kiasi hicho kwenye kumbukumbu za gari. Hedi iliyokwisha kusawazishwa mara kadhaa haina nafasi ya kubeba mnyororo ulio karibu na kikomo, hata kama mnyororo huo bado umo ndani ya kikomo.

7.0 Uhakiki Baada ya Kufunga

Uteuzi mzuri unaweza kuharibiwa na ufungaji. Mambo matatu yanahitaji uangalifu. Kwanza, baada ya kulinganisha alama na kuachia kikazaji, krankishafti izungushwe kwa mkono mizunguko miwili kamili katika uelekeo wake wa kawaida, kisha alama za gia zikaguliwe upya. Vibapa vya rangi havitarudi kwenye alama baada ya mizunguko hiyo miwili, kwa kuwa idadi ya pingili na ya meno hazikutani haraka. Jambo hili huwatia wasiwasi mafundi wanaoanza, lakini si kosa. Zinazopaswa kulingana ni alama za gia. Endapo mkono utahisi kizuizi kigumu, kazi isimame, kwani huenda valvu imegusa pistoni.

Pili, mfuniko wa mbele wa injini hii ndio unaobeba pampu ya oili. Gamu ya kuzibia ikipakwa kwa wingi, ziada yake huingia ndani na inaweza kuziba njia za oili, ikiwemo ile inayopeleka oili kwenye kikazaji. Pampu nayo ikaguliwe ikiwa wazi, kwa kuwa seti mpya haiwezi kufidia shinikizo dogo la oili.

Tatu, kelele fupi katika kuwasha mara ya kwanza ni ya kawaida, kwa sababu kikazaji bado hakijajaa oili. Kelele inayoendelea baada ya hapo isisubiriwe iishe yenyewe.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba uteuzi wa seti ya mnyororo wa taimingi ni hitimisho la upimaji, wala si hatua ya kwanza ya ununuzi. Mnyororo hulika kwenye maungio kwa sababu ya msuguano na hali ya oili. Kwa hiyo mnyororo, gia, reli na kikazaji vilivyozeeka pamoja vinapaswa kuhukumiwa pamoja. Gia ya VVT-i iamuliwe kwa vipimo vyake, na kiasi cha chuma kilichoondolewa kwenye silinda hedi kijumlishwe katika uamuzi huo. Asili ya sehemu ithibitishwe kwa kuichunguza sehemu yenyewe.

Kwa upande wa lugha, imebainika kuwa maneno mawili ya gereji, “cheni” na “kuvutika”, yana uzito katika matokeo ya kazi. La kwanza huacha wazi mipaka ya kinachobadilishwa. La pili huficha sababu ya kubadilisha. Inapendekezwa kwamba vyuo vya ufundi stadi vinavyofundisha kwa Kiswahili vitumie istilahi zinazotaja kitendo halisi, na kwamba makubaliano kati ya fundi na mteja yataje kila sehemu kwa jina lake. Mteja anayejua kwamba seti ina vipande sita, na fundi anayeweza kumwonesha kwa kalipa ni vipi kati ya hivyo vimelika, hawatabishana wiki chache baadaye mbele ya injini inayogonga.